Nyumba ya mbao ya Kiingereza ni ya mwaka gani? Inategemea umeshika nguzo ipi

Kuna picha ambayo haiishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Nyumba ya Uingereza: mbao nyeusi zimekatiza ukuta mweupe kama mistari ya pundamilia, ghorofa ya juu imechomoza juu ya barabara, na nyumba nzima imelalia upande kama mzee aliyeegemea mkongojo. Chini yake pameandikwa, "Nyumba hii ina miaka 600." Hapo mabishano yanaanza. Mmoja anasema haiwezekani, mchwa wangekuwa wameshaimaliza zamani. Wa pili ana uhakika kwamba ni meli iliyovunjwa ikageuzwa nyumba. Kwenye kundi la ukoo wetu mjomba alifunga mjadala kwa sentensi moja: "Hiyo ni nyumba ya udongo kama ya bibi yenu, tofauti ni rangi tu."

Mjomba ndiye aliyekaribia ukweli kuliko wote. Lakini hata yeye hakugusa kinachotatiza zaidi, yaani hiyo miaka 600. Ni miaka 600 ya nini? Ya mbao? Ya ukuta? Ya dirisha? Ya rangi? Nyumba za aina hii zimebadilishwa mno, kiasi kwamba kuzitajia umri mmoja ni kama kuutajia ukoo umri mmoja.

Mifupa na nguo

Tuanze na neno lenyewe. Nyumba ya kiunzi ni ile ambayo uzito wote wa paa na ghorofa unabebwa na mbao zilizoshikanishwa, wala si kuta. Ukuta haubebi kitu. Kazi yake ni kuzuia upepo, mvua na macho ya jirani. Bomoa kuta zote za nyumba ya tofali, paa litakuangukia kichwani. Bomoa kuta zote za nyumba ya kiunzi, utabaki na nyumba iliyovuliwa nguo: uchi, lakini imesimama.

Na kuta zenyewe, mjomba alisema kweli, ni za udongo. Fundi wa Kent au Suffolk katika karne ya 15 alisimamisha vijiti vigumu katikati ya mbao, akasuka fito nyembamba kupita kwenye vijiti hivyo, kisha akakandika udongo pande zote mbili. Udongo aliuchanganya na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe ili usipasuke ukikauka. Juu akapaka chokaa. Aliyewahi kukandika nyumba kijijini hahitaji maelezo zaidi. Angefika kule na kuanza kazi siku hiyohiyo, malalamiko yake yangekuwa baridi tu.

Tofauti iko miguuni. Nyumba ya miti na udongo tuliyoizoea nguzo zake hufukiwa ardhini. Ardhi ndiyo inayozishika zisimame, na ardhi hiyohiyo ndiyo inayoziozesha. Waingereza nao walijenga hivyo kwa karne nyingi, na nyumba zao hizo zimepotea karibu zote. Wachimbaji wa mambo ya kale hukuta mashimo ya nguzo tu, yamejaa udongo wa rangi tofauti. Mabadiliko yalianza kushika kasi karne ya 12 na ya 13. Walijenga ukuta mfupi wa mawe, wakalaza juu yake mti mmoja mrefu, na nguzo zikasimama juu ya mti huo. Mguu ukawa mkavu.

Lakini nguzo isiyofukiwa haijishiki. Isukume, inaanguka. Kwa hiyo kila kitu kilichokuwa kinafanywa na shimo ikabidi sasa kifanywe na viungo: nguzo na boriti ziingiliane zenyewe, na pembeni ziwekwe mbao za mshazari kuzuia kiunzi kisiyumbe. Useremala wote mzito wa nyumba hizi ulizaliwa na uamuzi huo mmoja wa kuutoa mguu wa nguzo ardhini.

Mbao mbichi

Mti wenyewe ni mwaloni. Wasomaji wa Biblia wanaukumbuka kutoka kwa Ibrahimu na mialoni ya Mamre, ingawa huu wa Uingereza ni wa aina nyingine. Kiini chake kina asidi inayowakatisha tamaa wadudu na kuvu. Mchwa tunaowajua sisi hawana makao kwenye baridi ya kule, kwa hiyo hoja ya kwanza ya kwenye kundi inaishia hapo. Bungua wapo, tena wapo wanaopenda mwaloni hasa, ila wanashamiri pale mbao inapokaa na unyevu. Mwaloni mkavu huwashinda.

Jambo linalowashangaza hata mafundi wa leo ni kwamba mbao hizi zilitumika mbichi. Sisi tumefundishwa kwamba mbao isiyokauka ni mbao ya kuleta aibu: mlango utapinda, kabati halitafunga. Kwa fanicha ni kweli. Lakini mwaloni ukikauka unakuwa mgumu kama chuma, na mafundi hao walikuwa na shoka, tezo, patasi, msumeno wa mkono na keekee, hawakuwa na zaidi ya hapo. Mbao nene hukauka polepole mno. Kanuni ya mafundi ni kama inchi moja ya unene kwa mwaka. Nani angesubiri boriti ya inchi 12? Walikata mti, wakauchonga, wakajenga, wakaiacha nyumba ikaukie ikiwa imesimama.

Na ilipokauka, ilisogea. Mbao husinyaa kwa upana, karibu haisinyai kabisa kwa urefu, tena haisinyai sawasawa pande zote. Hivyo boriti hujikunja kidogo, hupasuka nyufa ndefu, na kuvuta jirani zake. Sehemu kubwa ya mipindo na miinamo ile unayoiona kwenye picha ilitokea watu wa kwanza wakiwa bado wanaishi humo. Fundi alilijua hilo. Tundu la kigingi katika ulimi wa mbao, yaani ncha iliyochongwa ili iingie kwenye mbao nyingine, alilitoboa pembeni kidogo, lisilingane sawasawa na tundu la mbao ya pili. Kigingi kilipopigwa nyundo kilivuta viungo vikabana, na mbao iliposinyaa ikakibana kigingi hichohicho. Hakuna msumari katika kiungo hicho, wala gundi.

Kiunzi hakikutengenezwa pale kiwanja cha nyumba kilipo. Kilitengenezwa uwanjani kwa fundi, kimelazwa chini upande baada ya upande, kila kiungo kikajaribiwa, kisha kikafunguliwa na kubebwa kwa mikokoteni. Ndiyo, ni kama kabati la kisasa linalokuja kwenye boksi, na kama lile kabati, kila kipande kilihitaji namba. Ukisogeza uso karibu na kiungo cha nguzo na boriti, tochi ukiishika kwa mshazari, utaiona: mikwaruzo mitatu iliyonyooka kwenye nguzo, na mikwaruzo mitatu kwenye boriti inayoingia hapo. Kiungo cha tatu. Kinachofuata kina minne. Namba ni za Kirumi, kwa kuwa mistari iliyonyooka ndiyo rahisi kuchonga kwa patasi, ila fundi huandika IIII, haandiki IV. Sababu ni ya kiutendaji kabisa: boriti hugeuzwageuzwa, na ukiisoma IV kichwa chini unaweza kuichanganya na VI. Kosa moja la namna hiyo, na asubuhi nzima ya watu kumi wakiinua kiunzi kwa kamba imepotea.

Jambo moja zaidi kuhusu nguzo, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nguzo nyingi kuu zimesimamishwa kichwa chini: upande uliokuwa wa mizizi uko juu. Watu hutunga hadithi za imani za kale kulieleza hilo. Fundi alikuwa na shida nyingine. Pale juu ya nguzo hukutana mbao tatu: nguzo yenyewe, mtambaapanya unaokwenda na urefu wa ukuta, na boriti kubwa inayovuka nyumba kutoka ukuta hadi ukuta kuzuia paa lisizitawanye kuta. Zote tatu zinahitaji nafasi ya kuumana, na mti ni mnene zaidi karibu na mizizi. Kwa hiyo akaugeuza. Unene wa shina ukawa juu, akachonga humo ndimi mbili, moja ya kuingia kwenye mtambaapanya na nyingine ya kuingia kwenye boriti, na boriti nayo ikachongwa ncha iliyopanuka mwishoni ili isichomoke.

Kaskazini na magharibi mwa Uingereza iko namna nyingine, ya miti miwili iliyopinda inayoinuka kutoka chini hadi kileleni kama mikono iliyounganishwa kuomba dua. Mara nyingi ni mti mmoja uliopasuliwa katikati, ndiyo maana pande mbili zinafanana kama sura kwenye kioo. Hizo nazo zina mambo yake. Hapa nabaki na zile za nguzo na boriti.

Bayleaf, nyumba iliyohamishwa

Tuingie nyumba moja ya kweli. Bayleaf ilikuwa nyumba ya mkulima mwenye uwezo huko Chiddingstone, Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Miaka ya 1960 bonde lake lilichaguliwa kuwa bwawa la maji, Bough Beech, na nyumba ikawa njiani. Ilifunguliwa kipande kwa kipande mwishoni mwa miaka hiyo, ikapelekwa Singleton, West Sussex, kwenye makumbusho ya wazi ya Weald and Downland, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikasimamishwa tena. Nyumba ya tofali ni vigumu kuifanyia hivyo. Kiunzi kilikubali, kwa sababu ndivyo kilivyozaliwa: kikiwa vipande vyenye namba.

Mpangilio wake ni rahisi kuukumbuka. Katikati ni ukumbi, mkubwa, hauna dari. Ukiinua macho unaona paa lenyewe. Upande mmoja wa ukumbi kuna njia inayopita nyumba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na kuvuka njia hiyo ziko stoo mbili, moja ya vyakula na moja ya vinywaji, na chumba juu yake. Upande wa pili wa ukumbi ni wa heshima: hapo ilikaa meza ya mwenye nyumba, na nyuma yake chumba chake, na juu chumba cha kulala, ambako kijumba cha choo kimechomoza nje ya ukuta. Mgeni akiingia alijua papo hapo nani anakaa wapi. Vyumba vya juu vya pande mbili vimechomoza mbele kuliko ukuta wa chini, ukumbi katikati ukabaki umeingia ndani, na paa moja limefunika vyote. Nyumba za muundo huu huitwa Wealden, kwa jina la eneo la Weald ambako ziko nyingi.

Na moshi? Dohani, au chimni kama wengi tunavyoita, haikuwepo. Moto uliwashwa katikati ya sakafu ya ukumbi. Moshi ulipanda, ukatanda juu chini ya paa, ukapenya taratibu kwenye vigae na matundu ya kileleni. Madirisha hayakuwa na kioo. Yalikuwa na nondo za mti na vibao vya kufungia. Wageni wengi wakiambiwa hivi hukunja uso, wanawaonea huruma watu waliokaa kwenye moshi. Msomaji wangu aliyekulia jirani na jiko la kuni hatakunja uso. Anajua kwamba ukikaa chini, kwenye kigoda, moshi uko juu yako. Taabu ni ya aliyesimama. Anajua pia kwamba paa la jiko la moshi halishambuliwi na wadudu kama mapaa mengine.

Urefu ule wa ukumbi hadi kwenye paa, basi, si majivuno peke yake. Ni mahali pa kuweka moshi.

Sasa turudi kwenye swali la umri. Bayleaf haikujengwa mara moja. Ukumbi na upande wa stoo ni wa mwanzoni mwa karne ya 15. Upande wa heshima, na chumba chake cha juu, ni wa mwanzoni mwa karne ya 16. Watu walioingia ukumbini mwaka 1450 hawakuiona nyumba tunayoiona sisi.

Tunajuaje? Hapa zile mbao mbichi zinarudi kutusaidia. Mti huongeza duara moja kila mwaka, nene mwaka wa mvua nzuri, nyembamba mwaka wa ukame, na mpangilio huo wa nene na nyembamba ni kama alama za vidole: hauji mara mbili. Wataalamu hutoboa kijitundu chembamba, huchomoa kipande kama penseli, wakazilinganisha duara zake na kumbukumbu ndefu zilizokusanywa kutoka mamia ya majengo. Ikiwa ganda la mti bado lipo kwenye ukingo wa mbao, wanaweza kutaja mwaka mti ulipokatwa, hata majira. Na kwa kuwa mbao zilitumika mbichi, mwaka wa kukata mti uko karibu sana na mwaka wa kujenga. Kama mafundi wangekausha mbao miaka 20 kama maseremala wa fanicha wanavyotamani, hesabu hii ingeharibika.

Siku dohani ilipoingia ndani

Badiliko kubwa kuliko yote katika maisha ya nyumba hizi lilikuwa moshi kupewa njia yake. Padri mmoja wa Radwinter, Essex, William Harrison, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walishangazwa na wingi wa dohani zilizojengwa karibuni. Utotoni mwao, miji mingi ya mashambani ilikuwa na mbili tatu tu. Wazee hao walikuwa wanashuhudia mapinduzi ya makazi, na walijua.

Ulikuwa mnyororo wa sababu. Kwanza baadhi ya watu walitenga kipande chembamba cha ukumbi, wakauhamishia moto humo, ili moshi upande mahali pamoja. Kisha tofali zikaanza kuwafikia watu wa kawaida, na dohani ya tofali ikajengwa ndani ya ukumbi au kwenye ile njia ya kupita. Moshi ulipokwisha kufungiwa, ile nafasi tupu ya juu ikawa haina kazi. Mwenye nyumba akatazama juu, akaona chumba kizima kinachopotea bure. Akapitisha boriti, akaweka sakafu ya mbao, akapata ghorofa juu ya ukumbi. Ghorofa hiyo ikataka dirisha, dirisha likatoboa paa. Ikataka ngazi, ngazi ikakaa ubavuni mwa dohani. Dohani iliyokaa kwenye njia ya kupita ikaziba mlango wa zamani, kwa hiyo mlango mpya ukafunguliwa kwingine. Ukumbi mmoja wenye moto mmoja, ambamo bwana, mke, watoto na watumishi wote waliota moto pamoja, ukawa vyumba vinne vyenye milango. Familia iliyokuwa ikionana kutwa nzima ikaanza kubisha hodi ndani ya nyumba yake yenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la wale wanaosema milango ni mifupi kwa sababu watu wa zamani walikuwa mbilikimo. Hawakuwa. Mifupa ya makaburini inaonyesha watu wasiopishana sana nasi kwa kimo. Lakini ukiingiza sakafu katika nyumba ambayo haikupangiwa ghorofa, lazima mtu mmoja ainamishe kichwa: aliye chini au aliye juu. Boriti inayokugonga paji la uso leo huenda haikuwepo nyumba ilipojengwa.

Uzuri ni kwamba kiunzi hakisahau. Panda kwenye dari ya nyumba ambayo kwa nje inaonekana ya karne ya 18, mulika mapau. Ukiyakuta meusi tititi, masizi yameganda hadi kwenye ncha, basi chini yako palikuwa na moto wa sakafuni usio na dohani, hata kama sasa umesimama juu ya chumba cha kulala chenye zulia. Yakiwa meusi upande mmoja na meupe upande wa pili, mpaka huo ndio ukuta uliotenganisha ukumbi na chumba. Tazama upande wa chini wa boriti: safu ya matundu yenye umbo la almasi ni dirisha lililokufa, kila tundu lilishika nondo moja ya mti. Mfereji mrefu pembeni yake ni njia ya kibao cha kufungia kilichokuwa kikisukumwa. Tundu la ulimi lisilo na ulimi linasema hapa palikuwa na mbao, mtu akaikata, pengine kupitisha mlango.

Ila kuna mtego. Mbao nzuri haikutupwa. Ikiondolewa hapa ilitumika pale. Kwa hiyo boriti yenye matundu yasiyo na maana mahali ilipo huenda ilitoka ghalani kwa jirani. Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya meli. Watu waliona mbao zimejipinda, zina matundu ya ajabu, wakasema zimetoka baharini. Mara nyingi sana si kweli, hasa kwa nyumba zilizo mbali na pwani. Nani aburute boriti ya meli kilomita 80 kwenye tope wakati msitu uko nyuma ya nyumba? Jengo maarufu ambalo kweli lina mbao za meli ni duka la Liberty, London, lililojengwa kwa mtindo wa kizamani mwaka 1924 kutokana na manowari mbili, Impregnable na Hindustan. Yaani yule wa WhatsApp yuko sahihi kwa jengo lenye umri wa miaka 100.

Sura mpya juu ya mifupa ileile

Baada ya moto wa London wa 1666 sheria ilitaka nyumba mpya za jiji hilo zijengwe kwa tofali au mawe. Mbao ikaanza kuonekana ushamba. Katika karne ya 18 wenye nyumba mijini walificha viunzi vyao: wengine walipiga lipu mbele nzima, wengine walisimamisha ukuta mwembamba wa tofali na madirisha ya kusukuma juu. Ukipita barabarani unaona nyumba ya mwaka 1760. Ukizunguka nyuma unakuta ya 1460. Kodi ya madirisha, iliyotozwa kuanzia 1696 hadi 1851, nayo iliwafanya watu wazibe madirisha kadhaa ili kuikwepa.

Karne ya 19 upepo ukageuka, uzee ukawa fahari. Lipu ikabanduliwa, na mbao zikapakwa rangi nyeusi na lami. Ule weusi na weupe tunaouita wa kale kwa sehemu kubwa ni wa wakati huo. Mwaloni ulioachwa wazi hugeuka kijivu kama fedha, na mafundi wa kusini mashariki waliuacha hivyo, au walipitisha chokaa juu ya ukuta na mbao kwa pamoja, mara nyingine ikiwa na rangi ya udongo.

Mfano maarufu ni nyumba aliyozaliwa Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri kwa Kiswahili. Ni ya karne ya 16, baadaye kidogo ya Enzi za Kati, lakini mkasa ni uleule. Iliponunuliwa mwaka 1847 sehemu yake ilikuwa baa yenye uso wa tofali. Warekebishaji wa miaka ya 1850 na 1860 waliirudisha kwa kufuata mchoro wa 1769, wakabomoa nyumba zilizoungana nayo ili kuikinga na moto. Ilikuwa kwenye safu ya nyumba za mtaa. Sasa imesimama peke yake na bustani. Watalii wanapiga picha uamuzi wa karne ya 19 kama wanavyopiga picha karne ya 16.

Kuinama, na kosa la saruji

Je, nyumba iliyoinama itaanguka? Kama ilijikunja wakati wa kukauka, imeshatulia, na viungo vyake vimeinama pamoja nayo. Kiunzi ni kama kikapu, hakivunjiki kama chungu. Nyumba za Lavenham, Suffolk, zimeegemeana kwa karne nyingi. Wala si kila kilichoinama ni cha mbao: ile baa ya Crooked House huko Himley iliyoungua na kubomolewa Agosti 2023, ikazua hasira nchi nzima, ilikuwa ya tofali, ya mwaka 1765, na iliinamishwa na machimbo ya makaa chini yake.

Hatari ya kweli haionekani kwenye picha. Mtu hukata boriti inayovuka ili apate mlango wa kupita bila kuinama, na kuta zinaanza kutawanyika. Au anaziba udongo kwa saruji. Hili la pili limeua mbao nyingi katika karne ya 20. Udongo na chokaa hunyonya maji na kuyatoa tena jua likiwaka. Saruji ni ngumu, kiunzi kinacheza. Ufa unatokea, mvua inaingia, haitoki, na nyuma ya ukuta ule safi mwaloni uliodumu miaka 500 unaoza na bungua wanakaribishwa. Wanaotunza Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hadithi hii vizuri, ingawa kwao ni matumbawe na chokaa, si mwaloni.

Sheria sasa inabana. Tangu 1947 Uingereza imekuwa ikiorodhesha majengo ya kulindwa, na karibu kila jengo la kabla ya 1700 lililobaki na umbo lake huingizwa. Ulinzi unafika hadi ndani ya nyumba, na kubadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Wamiliki wengi hulalamika, na siwalaumu. Kubembeleza kibali cha kubadilisha dirisha kwenye nyumba unayoilipia mwenyewe kunachosha.

Lakini hata wataalamu huamua, na wakati mwingine hukosea. Bayleaf ilipohamishwa ilikuwa na mabadiliko ya karne nyingi ndani yake. Makumbusho yaliyaondoa, yakairudisha kwenye sura ya mwaka 1540 hivi, moto sakafuni, samani zilizochongwa upya kwa mfano wa wakati huo. Mimi nimefurahi kwamba naweza kuuona ukumbi wazi ulivyokuwa. Ila familia zilizoishi humo na dohani yao kwa karne nyingi zimefutwa ukutani. Wapo wanaopinga kabisa kazi ya namna hiyo, tangu mbunifu na mshairi William Morris na wenzake walipoanzisha chama chao cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 wakitaka yatengenezwe yasiharibike, basi, yasirudishwe ujana.

Bonde lilelile la Bough Beech lilitoa jengo jingine dogo, Winkhurst. Makumbusho yalilisimamisha miongoni mwa ya kwanza kabisa, likaelezwa kuwa kijumba cha mkulima wa hali ya chini, na wageni wakalipita miaka mingi wakimwazia mkulima huyo maskini. Baadaye watafiti walirudi kwenye mbao, wakazisoma upya, na wakahitimisha kwamba hapakuwa nyumba ya mtu. Palikuwa jiko, la nyumba kubwa zaidi iliyokuwa ubavuni mwake na ambayo haipo tena. Wakalifungua, wakalihamisha ndani ya eneo la makumbusho, wakalisimamisha mara ya tatu. Siku hizi moto unawashwa humo, na wageni huonjeshwa vyakula vya zamani.

Mjomba nilimtumia picha ya ndani ya ukumbi wa Bayleaf, paa jeusi na moto katikati ya sakafu. Akajibu baada ya dakika mbili: "Na hizo nguzo wamezichomekea wapi, mbona sioni shimo?"